Mgongo Ukinyooshwa, Mapafu Je?

Kijana akiambiwa uti wake wa mgongo umepinda upande na anahitaji upasuaji, washauri hawakosekani. Kila mmoja ana lake kuhusu mapafu.

“Akinyooshwa tu, pumzi zitamjaa.” Kwa wengi, pumzi hazikuwa zimepungua sana tangu mwanzo. Mpindo wa nyuzi 50 au 60 kifuani humwacha kijana akipumua karibu sawa na wenzake. Upungufu mkubwa huanza kuonekana mpindo unapopita nyuzi 70. Tena, kipimo chenyewe kina mtego. Kijana hubanwa pua, akaziba bomba kwa midomo na kupuliza mpaka hewa imwishie. Lita zinazotoka hulinganishwa na zinazotarajiwa kwa mtu wa kimo chake. Sasa mgongo umenyooshwa, binti wa sentimita 158 ametoka na 162, na jedwali linamdai hewa zaidi. Lita zimeongezeka, asilimia imebaki palepale, au hata imeshuka! Ndiyo maana wapimaji makini hupima urefu wa mikono iliyotandazwa badala ya kimo.

“Vile vyuma vitambana kifua.” Skrubu hufungwa kwenye pingili za uti, na fito mbili huziunganisha kwa nyuma. Mbavu haziguswi. Kweli, siku za kwanza pumzi hushuka sana, hasa mnamo siku ya tatu, kwa sababu ya maumivu na kulala kitandani. Kwa kawaida hurudi ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ila njia ya upasuaji ina uzito wake. Anayefunguliwa kifua kutokea ubavuni, au anayekatwa vipande vya mbavu ili nundu ipungue, hupoteza zaidi, na huenda akahitaji miaka 2 kurudi alipokuwa. Hilo ndilo swali la kumuuliza daktari.

“Asipopasuliwa atakufa kwa kukosa hewa.” Watafiti wa Iowa, Marekani, waliwafuatilia kwa takriban miaka 50 watu 117 ambao mipindo yao ya ujanani haikutibiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2003: asilimia 22 walilalamikia kuishiwa pumzi katika shughuli za kila siku, dhidi ya 15 ya watu waliolinganishwa nao. Walio hatarini zaidi walikuwa wenye mpindo wa zaidi ya nyuzi 80. Upasuaji, basi, ni wa kuzuia mpindo usifike huko.

“Kama ni hivyo, afanyiwe mapema, angali mdogo.” Hapa ushauri unageuka hatari. Vifuko vya hewa huongezeka kwa kasi miaka ya mwanzo, na kifua hukua pamoja na uti. Ukiunganisha pingili za kifua za mtoto wa miaka 5, kifua kinadumaa na mapafu yanakosa nafasi. Kwa watoto hao madaktari hutumia plasta, au fito zinazorefushwa kidogo kidogo kadiri mtoto anavyokua, na kuunganisha pingili huahirishwa.