Risala ya Wakazi wa Bondeni kuhusu Fedha za Maji na Majitaka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mheshimiwa Waziri wa Fedha, kutoka kwa wakazi, wenye nyumba na wapangaji, wa mitaa ya bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Risala huanza kwa pongezi, nasi tunazitoa kwa haki. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imepanuliwa, visima vya Kigamboni vimechimbwa, na Bwawa la Kidunda, ambalo wazee wetu walilisikia likitajwa tangu wakiwa vijana, linajengwa. Hatukuja kuyabeza hayo. Tumekuja kuuliza maji hayo yakishatumika yatatokea wapi, na nani atagharimia safari yake ya kutoka.

Tuanze na mgao wa 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule Mto Ruvu ulipungua, uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi takribani milioni 300, na ratiba ya mgao ikatangazwa. Mwenye tanki la lita 5,000 juu ya paa alijaza akatulia. Mwenye madumu manne alipanga foleni saa tisa usiku. Tunaomba mfanye hesabu moja pamoja nasi. Uniti ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mwenye toroli akiuza dumu kwa shilingi 200, na wakati wa mgao anayeuza kwa bei hiyo huonekana ana huruma, uniti moja imefika shilingi 10,000. Bei ya bombani kwa matumizi ya nyumbani, ile shilingi 1,663 iliyotumika kwa miaka kadhaa, haifiki hata humusi ya hiyo.

Kwa hiyo tunaposikia kwenye semina kwamba watu wa makazi yasiyopimwa hawana uwezo wa kulipia huduma, tunatazamana. Tunalipa kila asubuhi, tena taslimu, tena kwa bei kubwa kuliko mtu wa Masaki. Kinachotushinda ni mkupuo wa mwanzo: ada ya kuunganishiwa, mita, bomba la kuvuka viwanja vya majirani watatu, na fundi. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuzika fedha hiyo kwenye nyumba isiyo yake. Anarudi kwenye dumu.

Waheshimiwa, sasa majitaka. Mtuwie radhi, jambo lenyewe halina staha.

Wahandisi hukadiria kwamba kama asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Lita milioni 300 zikifika majumbani kwa siku, milioni 240 zitatafuta pa kwenda. Mtandao wa mabomba ya majitaka unafika katikati ya jiji na maeneo machache mengine. Sisi wengine wote tunategemea shimo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni watu milioni moja zaidi katika miaka kumi, na wengi wao wamekuja na shimo lao.

Bondeni ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Ndiyo maana choo chetu hujengwa kwa kupanda: ngazi nne au tano za saruji, shimo lililozungushiwa matofali au matairi ya lori, mlango wa bati, na juu yake mtoto anaonekana na mtaa mzima anapoingia. Shimo hilo ni fupi, hujaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliingii kichochoroni, na mpira wake hauwafikii walio nyuma. Mwenye nyumba anabaki na njia mbili. Anaweza kuwaita vijana wenye ndoo na koleo, waje usiku, wachimbe shimo jingine pembeni wahamishie humo; vijana hao hushuka ndani bila glovu wala buti, na wakiugua hakuna mwajiri wa kuulizwa. Au anasubiri masika. Mvua ikikolea usiku, kizibo kilichoachwa makusudi ubavuni mwa shimo kinatolewa na mvua inamaliza kazi. Huko ndiko kutapisha choo, na hakuna mtu wa bondeni asiyeijua harufu ya asubuhi yake. Jirani wa chini anapokea. Aliye chini kabisa anapokea ya wote.

Yupo atakayesema suluhisho ni faini. Faini zipo, na masika yakirudi vizibo vinatolewa kama kawaida, kwa sababu shimo lililojaa halisubiri hukumu.

Kipindupindu cha 2015 kilianza hapa jijini mwezi Agosti, kiangazi, kisha kikasambaa karibu mikoa yote ya Bara. Kama kiliweza kuanza ardhi ikiwa kavu, tunawaachia mkadirie kitafanya nini maji yakiwa magotini. Nayo magotini yanafika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kufungwa kwa barabara ya Jangwani kumekuwa jambo ambalo madereva wanalipanga kwenye ratiba. Mabadiliko ya tabianchi kwetu yana sura mbili, ukame unaotupeleka kwenye boza na mvua inayotuletea vinyesi sebuleni, na zote mbili zinaweza kutukuta ndani ya miezi kumi na miwili. Bajeti inazishughulikia kama wageni wawili wasiojuana: ukame una bwawa lake, mafuriko yana daraja na mtaro wake, na choo hakina mwenyewe.

Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, tunauunga mkono, hata wale kati yetu waliobomoa nyumba zao kwa ajili yake. Swali letu ni la huko wanakohamia. Wanakwenda pembezoni mwa jiji, wanajenga, na kitu cha kwanza wanachochimba ni shimo. Miaka kumi ijayo mtahitaji mkopo mwingine kwa ajili ya bonde jingine.

Sasa fedha, ambazo hasa ndizo zimetuleta.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakajitokeza hadi kiasi kikapitiliza. Tunawapongeza kwa dhati; ni kitu ambacho Watanzania wengi tulidhani hakiwezekani kwa idara ya maji. Lakini mwenye hatifungani anataka riba yake kwa wakati, na riba hiyo hutoka kwenye mauzo ya maji. Bomba linauza. Choo hakiuzi. Hakuna mwekezaji atakayenunua shimo la mpangaji wa bondeni kwa asilimia 13.5, na akitokea, riba yake itaishia kwenye bili ya huyo huyo mpangaji. Kwa hiyo tunaomba mikopo na hatifungani zibebe majisafi, ambayo yana mteja anayelipa, na fedha za umma, zisizodai riba, zibebe majitaka. Kwa jinsi tunavyoona mambo leo, fedha za umma ndizo zinazojenga bwawa, nasi tunaambiwa tujichangishe kwa ajili ya choo.

Na fedha za umma zipo, tena nyingine zinatoka mifukoni mwetu. Kila lita ya petroli na dizeli inachangia shilingi 50 katika Mfuko wa Taifa wa Maji. Kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili amechangia 100 kabla hajapata abiria. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa kwenye umeme wa LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mita inamkata anayenunua umeme, na kwetu anayenunua umeme ni mpangaji. Hatulalamiki kulipa. Tunauliza kwa nini shilingi 1,500 inayotoka kwenye nyumba yenye choo cha ngazi tano hairudi hata kwa sehemu kwenye kichochoro cha nyumba hiyo.

Dai letu kubwa ni hili. Katika makadirio ya wizara, kila mradi wa kuongeza majisafi jijini uandikwe pamoja na kifungu cha majitaka yatakayotokana nao, kwa kiasi na kwa jina la kata, na kifungu hicho kisihamishwe katikati ya mwaka. Kidunda imepangiwa kuhifadhi lita bilioni 190, na mkataba wake ni wa shilingi bilioni 335.8. Tunaomba tuonyeshwe ukurasa unaosema maji hayo yatatokaje Tandale, Vingunguti, Buguruni na Kigogo. Mawaziri wa Afrika waliokutana eThekwini, Afrika Kusini, mwaka 2008 waliahidi kutenga angalau asilimia 0.5 ya pato la taifa kwa ajili ya usafi wa mazingira. Ahadi ile haikuwa yetu, ilikuwa yenu. Sisi tunaikumbusha tu.

Pili, sehemu ya kodi ya majengo inayokusanywa kwa LUKU ibaki kwenye kata kwa ajili ya mitaro, mabomba madogo ya majitaka na vituo vya kupokelea majitaka karibu na makazi. Kazi yenyewe si ndoto. Vingunguti, mtaa wa Kombo, mabomba membamba yaliyolazwa kina kifupi yanapita vichochoroni na kupeleka majitaka kwenye mabwawa yaliyo jirani. Tunachoomba ni hicho hicho, kwa mitaa mingi, kwa bajeti ya kila mwaka, badala ya kukiona kila mara kwenye picha za mradi wa majaribio.

Tatu, gharama ya kuunganishiwa maji ilipwe kidogo kidogo ndani ya bili, kama umeme unavyonunuliwa kidogo kidogo, na mpangaji aruhusiwe kuomba mita kwa idhini ya mwenye nyumba.

Vijana wanaohamisha majitaka ya vyoo kwa ndoo na koleo watambuliwe, wapewe leseni, vifaa, chanjo na mahali halali pa kumwaga. Wanafanya kazi ya jiji.

Fedha za tabianchi nazo zisiishie kwenye mabanda ya maonyesho. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali kuchangia mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, kwa hiyo njia ya kuufikia inajulikana. Tunaomba andiko la Dar es Salaam la kuomba fedha hizo lianze na choo. Na kila mkataba, wa mkopo, wa hatifungani au wa mwekezaji binafsi, muhtasari wake usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Jiji hili lilishawahi kukabidhi maji yake kwa kampuni binafsi ya City Water, mkataba wa 2003 uliovunjwa Mei 2005, na kesi zikafuata nje ya nchi wakati sisi tunabeba madumu yale yale. Mkataba ule hatukuwahi kusomewa.

Waheshimiwa, makadirio ya wizara zenu huandaliwa mapema na kusomwa bungeni Dodoma kabla ya mwisho wa Juni. Masika huingia Machi. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya Machi, yabandikwe kwenye mbao za ofisi za serikali za mitaa yetu, na aje afisa anayeshika bajeti kuyafafanua, siku ya Jumamosi, wakati wapangaji wako nyumbani. Tutampeleka vichochoroni sisi wenyewe. Avae buti.

Tunawasilisha.