Mkalimani Hatoshi

Wengi wanaosikia huamini kwamba lugha ya ishara ni ya viziwi peke yao. Akitokea kiziwi, aitwe mkalimani, mambo yaishe. Imani hiyo huonekana ya huruma, kumbe ni uvivu uliopambwa.

Kenya imeipa lugha hiyo heshima kubwa. Katiba ya 2010, ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi Bungeni, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Haya, ni waheshimiwa wangapi wanaoweza kumjulia hali mpigakura kiziwi bila mtu wa katikati?

Mkalimani ana kazi yake mahakamani na hospitalini. Lakini nani humkodi aje kufasiri umbea wa sokoni, au mama anavyombembeleza mwanawe? Na huko ndiko watu wanakozoeana. Nchini Marekani, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi wana wazazi wanaosikia. Mzazi asipojifunza ishara, mtoto anakuwa mgeni kwao.

Kuna waliofanya kinyume. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Massachusetts, uziwi ulirithiwa kwa vizazi. Karne ya 19, kijiji cha Chilmark kilikuwa na kiziwi 1 katika kila watu 25 hivi. Wanaosikia hawakungoja mkalimani. Walijua ishara tangu utotoni. Wavuvi waliongea kwa mikono toka chombo hadi chombo, mahali ambapo sauti isingefika. Viziwi walioa, walilima, walishika nyadhifa. Mwanaanthropolojia Nora Ellen Groce, aliyeandika habari zao mwaka 1985, alikuta wazee wakiwakumbuka majirani hao kwanza kwa uhodari wao wa uvuvi. Uziwi wao ulikumbukwa baada ya kuulizwa.

Anayejifunza hufaidika pia. Katika lugha za ishara uso ni sehemu ya sarufi: katika nyingi, nyusi zikiinuka, kauli inageuka swali. Aliyezoea kuongea huku akichezea simu hulazimika kumtazama mwenzake usoni.

Katika mtaala wa Kenya, mwanafunzi kiziwi husoma Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Mwenzake anayesikia halazimiki kujua hata salamu yake. Wizara za elimu, Nairobi na Dodoma, ziingize lugha ya ishara katika kila darasa la msingi, na walimu viziwi waajiriwe kuifundisha.