King'amuzi Kisimfanye Mtumishi Mtumwa

Ukipita leo katika mitaa ya Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, utaona madishi ya televisheni juu ya mapaa ya nyumba za watumishi, za walimu na za wakulima wa mpunga. Si kosa kuwa na dishi. Kosa ni kudhani kwamba mwenye chaneli nyingi ndiye mwenye maendeleo.

Tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mtumishi anayelipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka ametoa 240,000. Aulizwe ametazama chaneli ngapi kati ya zote alizolipia. Kama ni mkweli atataja mpira, taarifa ya habari na tamthilia moja. Huyu amekodi ghala zima ili ahifadhi debe moja la mpunga! Tena wako wenzetu ambao, mshahara ukiwa bado mbali, hukopa ili picha isikatike, huku mtoto akisubiri daftari. Hapo king'amuzi si chombo tena, ni bwana.

Wako watakaouliza: na mpira je? Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ni za manufaa kwa vilabu, na hatuna ugomvi nazo. Lakini ligi ina mapumziko yake. Ligi ikisimama, mpenzi wa mpira analipia nini? Wengine husema afadhali mtoto atazame nyumbani kuliko kwenda kibanda umiza usiku. Ni kweli, ila mtoto aliyeachiwa rimoti bila mzazi amehamishiwa kibanda sebuleni.

Tukumbuke tulikotoka. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Hatukuwa gizani katika miaka hiyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakiwa na kijitabu na kiongozi. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Redio moja ilitumikia kikundi kizima, na thamani yake ilipimwa kwa kazi iliyofuata, si kwa wingi wa stesheni.

Hatusemi turudi huko. Tunasema kipimo kile bado ni sahihi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliyaamuru baadhi ya makampuni ya ving'amuzi kuondoa chaneli za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuyaruhusu kuzibeba. Jambo hilo lilisumbua wengi, lakini lilitukumbusha ukweli mmoja: habari za taifa si bidhaa ya kukodishwa mwezi kwa mwezi. Mwananchi asiye na ada naye ana haki ya kujua.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kununua king'amuzi, tuulize kinaonyesha chaneli zipi bila malipo, nasi tuanze na hizo. Pili, anayetaka mpira alipe katika miezi ya mpira, asilipe kwa mazoea. Tatu, watumishi wa kituo kimoja wanaweza kuchangia kifurushi halali cha mahali pa hadhara, wakatazama pamoja, badala ya kila nyumba kulipia upweke wake.

Starehe si dhambi. Lakini starehe inayotangulia daftari la mtoto ni ghali hata ingeuzwa kwa senti moja. Mwalimu anayefundisha hesabu darasani hana budi kuifanya kwanza nyumbani kwake.