Sheria Isiyo na Mtungaji: Maumbile, Mpemba na Mahakama ya Wahakiki

Neno "sheria" limepewa kazi mbili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na zote mbili linazifanya vibaya. Kazi ya kwanza ni kongwe: shairi lisilo na vina na mizani huambiwa kwamba limevunja sheria. Ya pili ilipata nguvu tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991): riwaya ambamo wakati na mahali haviendi kwa mfuatano uliozoeleka husemwa kuwa imevunja sheria za maumbile. Hukumu hizi hutolewa na makundi ambayo kwa kawaida hayaketi meza moja, ila zimesimama juu ya dhana ile ile, kwamba sheria ni amri, na kwamba kilichotoka nje ya amri ama ni kosa la kuadhibiwa ama ni uasi wa kushangiliwa. Dhana hiyo haiufai ushairi. La ajabu zaidi ni kwamba haiifai hata sayansi, ambako wahakiki hudhani ndiko walikoiazima.

Sheria kwa maana ya mahakamani ina mtungaji, ina mtiifu, ina mvunjaji, na ina adhabu. Jiwe linaloanguka halimjui hata mmoja wao. Halitii, linaanguka. Robert Boyle, ambaye kanuni ya gesi yenye jina lake hukaririwa na kila mwanafunzi wa sekondari, alilikiri jambo hili mwaka 1686. Alieleza kwamba kuuita mwenendo wa vitu visivyo na akili "sheria" ni kusema kwa istiari tu, kwa kuwa ni kiumbe mwenye akili pekee awezaye kuipokea sheria na kuifuata. Mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni kuzitambua istiari, ndiye aliyeipita hii bila kuiona.

Mfano ulio karibu hauhitaji hata maabara. Mtoto wa Eldoret hufundishwa darasani kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kisha hurudi nyumbani, ambako maji ya sufuria hayajawahi kufika nyuzi hizo hata siku moja. Mji huo uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari; hewa inayoyagandamiza maji ni pungufu kuliko ya Mombasa, na sufuria hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana githeri ya Eldoret huchelewa kuiva, na mpishi akatumia kuni au makaa zaidi. Je, maji ya Uasin Gishu yamevunja sheria? Anayejibu kwamba hayakuvunja kitu amekwisha kukubali kuwa sentensi ile ya darasani haikuwa amri bali maelezo yenye mpaka, na mpaka wenyewe ukasahauliwa kuandikwa ubaoni. Kanuni pana zaidi, ile inayofungamanisha kuchemka na mgandamizo wa hewa, inaeleza Mombasa na Eldoret kwa pamoja. Sayansi ilipokutana na maji ya nyanda za juu ilitanua maelezo yake, haikuyaadhibu maji.

Wanafalsafa wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1983 David Armstrong alitetea rai kwamba sheria ya maumbile ni ulazima wa kweli uliopo baina ya sifa za vitu. Mwaka huo huo Nancy Cartwright akadai kwamba sheria kuu za fizikia, zikichukuliwa kuwa picha ya mambo yalivyo, hazisemi kweli, kwani huthibiti pale tu mazingira yanapopangwa yakapangika. Ugomvi huo si wa kumalizwa katika jarida la fasihi. Lililo muhimu ni kwamba hakuna upande hata mmoja unaompa mwalimu ruhusa ya kuishika sheria kama fimbo.

Fimbo hiyo Afrika Mashariki inaijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo, akahofia kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yaliganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Jibu alilopewa ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likaligeuza neno hilo kuwa mzaha wa kila kosa lake. Ni pale Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo ndipo swali lilipopokewa kama swali. Osborne aliagiza jaribio lifanywe. Fundi wa maabara alirejesha habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda kweli, lakini akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969.

Kanuni ya Newton haikuwa na hatia katika kisa hiki. Inaeleza kasi ya kupoa kwa kuilinganisha na tofauti ya joto, na ina masharti yake; haikuahidi kuusemea mvuke unaopotea, wala mzunguko wa maji ndani ya chombo, wala barafu inayokawia kuanza. Aliyekosea ni yule aliyeisoma kama hukumu iliyokwisha kutolewa.

Sasa na arudishwe kizimbani mlinzi wa vina. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 (na kwa sadfa, mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika). Alichokifanya Amri kina thamani kubwa: aliukusanya na kuueleza utaratibu wa watunzi aliowafahamu. Mizani 16 za mshororo wa tarbia ni sawa na nyuzi 100 za Pwani, yaani ni kweli tupu pale zilipopimwa. Waliokuja baadaye ndio waliokifanya kipimo kuwa polisi, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wakauliza kama hayo ni mashairi, kwa sauti ile ile iliyouliza kama hiyo ni fizikia.

Lakini wapo pia wanaokimbilia upande wa pili. Hawa, wakiwa wamelewa usasabaadaye, huisoma Mzingile kama ushahidi kwamba mpangilio wa sayansi ni simulizi mojawapo miongoni mwa simulizi, na kila jamii ina wake. Rai hii inajidai kumtetea Mpemba, na kumbe inamdharau kuliko mwalimu wake. Mpemba hakusema kwamba ana fizikia yake na apewe heshima nayo; alisema maziwa yameganda, na mwenye shaka akajaribu. Hata riwaya zenyewe za Kezilahabi haziwezi kuishi bila mpangilio huo: lisilowezekana humshtua msomaji kwa sababu anajua fika yanayowezekana. Uondoe ujuzi huo, na Nagona inabaki kuwa orodha ya matukio.

Aliyetoa dai linalopimika hukubali pia kwamba huenda akashindwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walichapisha majaribio ambayo hayakupata ushahidi wa maana wa tukio lenye jina la Mpemba. Walionyesha kwamba kuisogeza pimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya kudanganya. Watafiti wengine wameyapinga hayo, kwa majokofu yao na vipimajoto vyao, na maji ya moto bado yanawekwa kando ya maji ya vuguvugu.