Jini Hana Kosa

Wazee wenzangu hunicheka. Husema: mtu aliyefundisha walimu miaka yote ile, leo amekaa na wajukuu mbele ya kompyuta akijadili habari za majini! Huwajibu kwamba hata sisi tulikua na majini wa Alfu Lela Ulela, na hakuna aliyetucheka. Lakini leo sigombani na wazee. Nagombana na vijana, ambao hudai kwamba uchawi wa kutimiziwa matakwa katika michezo yao ni bahati nasibu tu, na jini ni mlaghai.

La hasha! Jini hana kosa. Mwenye kosa, aghalabu, ni mwombaji.

Tazama, ndugu msomaji, mchezo uitwao NetHack, uliotolewa mwaka 1987. Humo mna taa ya jini. Jini akitoka katika taa iliyolaaniwa, nafasi ya kupewa ombi ni 5 katika 100, na nafasi ya kushambuliwa ni 80. Taa ikiwa ya kawaida, nafasi ya kupewa ombi ni 20. Ikiwa imebarikiwa kwa maji matakatifu, nafasi hiyo hupanda hadi 80. Taa ni ile ile, jini ni yule yule. Kilichobadilika ni maandalizi. Kijana asiyekuwa na subira ya kutafuta maji hayo huisugua taa papo hapo, kisha akipigwa hulalamika kwamba hana bahati.

Kisha lipo suala la tamaa. Mchezaji huandika mwenyewe anachokitaka. Akiomba deraya yenye ziada ya nguvu 2, ataipata mara 4 kati ya 5. Akiomba ziada ya 3, mara 3 kati ya 5. Akiomba ziada inayozidi 5, ziada yote hufutwa, akaachiwa deraya ya kawaida. Mtaka yote hukosa yote. Wahenga walilijua hilo kabla ya kompyuta.

Upo tena mchezo wa Baldur's Gate II, wa mwaka 2000, na nyongeza yake ya 2001. Humo mchawi hujifunza uganga wake kwa akili, lakini akimwita jini wa matakwa, jini hupima busara yake. Mwenye akili nyingi na busara haba hutandikiwa mambo yatakayomdhuru yeye na wenzake. Mwenye busara huweza kupewa hata faraja ya kikosi kizima kuwa kama kimelala usiku kucha. Nimeona wanachuo wengi wa namna hiyo ya kwanza: vyeti vizuri, busara hamna.

Wala sijitoi katika lawama hii. Mwaka mmoja niliwaandikia wafadhili kuomba "vitabu vya sayansi" kwa ajili ya chuo chetu. Sikutaja ngazi, wala lugha. Tukaletewa makasha kwa makasha, vitabu vizuri kabisa, kwa lugha ambayo hakuna mkufunzi wetu hata mmoja aliyeijua. Niliwalaumu wafadhili wale kwa miaka. Walakini walitimiza nilichoandika, neno kwa neno.

Mjukuu wangu ana jibu lake: "Babu, nikipewa kibaya, narudi pale nilipohifadhi mchezo, naomba tena." Nakubali kwamba ni mchezo, na hakuna anayeumia. Lakini anayerudia mpaka apate hajajifunza kuomba. Amejifunza kurusha shilingi mara nyingi. Ndiyo maana napenda ukali wa NetHack: ukiendelea na mchezo, hifadhi yako hufutwa, ukifa, umekufa. Hapo ndipo neno lako lina uzito.

Basi vijana, kabla ya kulisugua lolote, jiulizeni mambo matatu. Je, nimejiandaa? Je, nimeomba kwa kiasi? Je, nimesema wazi ninachokihitaji kwa hatari iliyo mbele yangu, au nimetaja tu kinachong'aa?

Juzi mjukuu alipata taa. Aliitazama, akaiweka mfukoni, akaenda kutafuta maji. Sikumwambia kitu. Nilikwenda zangu jikoni kuagiza chai, nikiwa nimeridhika kuliko siku nyingi nilizopokea matokeo ya mitihani.