Shahada ya katuni na gemu: kabla hujabonyeza "wasilisha", soma hapa kwanza

Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa, kafe na steshenari za hapa Dodoma zinajaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Ukikaa nao nusu saa utaona wengi wanachagua kozi kwa jina lake linavyosikika. Juzi nilikuwa Majengo na binamu yangu, naye yupo kwenye foleni hiyo hiyo.

Huyu binti amesoma PGM na matokeo yake ni mazuri tu. Tangu darasa la tatu anachora, mpaka leo simu ya mama yake imejaa vikatuni vyake. Baba yake, yaani mjomba wangu, ni mkulima wa alizeti kule Kongwa. Mjomba alishapiga simu mara mbili: "Mwambie ajaze ualimu wa hesabu, hayo ya katuni ni mambo ya watoto." Lakini mzee huyo huyo amesema atauza ng'ombe wawili binti apate laptop. Binti akanigeukia: "Kaka, nijaze ipi namba moja?"

Jamani, swali hilo kwangu halikuwa jepesi, na nitawaambia kwa nini.

Miaka ya nyuma nami niliingia chuo kimoja, jina nalihifadhi, kusoma cheti cha multimedia. Kompyuta moja tulikaa watu wanne. Majina ya programu tuliyaandika kwenye daftari kama notisi za historia. Nilipomaliza nikaitwa kwenye usaili, mzee wa ofisi akaniuliza kitu kimoja tu: "Nionyeshe kazi yako." Sikuwa na hata dakika moja ya katuni. Leo nahariri video za harusi na send-off. Sio kazi mbaya, ila siyo niliyoilipia ada.

Haya, tuje kwenye hali halisi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa 2007, kina shahada ya teknolojia ya multimedia na animesheni katika ndaki yake ya kompyuta, CIVE. Kwa hiyo mtoto wa Kongwa au Mpwapwa siku hizi halazimiki kuvuka bahari kusoma kitu hiki. Ila angalia ipo kwenye ndaki ya kompyuta, siyo chuo cha sanaa. Ukiingia ukidhani utachora miaka mitatu, umejidanganya. Lazima upende kompyuta pia.

Na soko je? Hapa mjomba ana hoja na binti ana hoja.

Hoja ya binti: Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam 2013, na katuni yake ya Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa 2014, inafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili na imevuka mipaka ya Tanzania. Kwa hiyo inawezekana. Tena mwaka 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, ilichukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Iliundwa kwa Blender, programu ambayo hata wewe uliyekaa hapo kafe unaipakua bure.

Hoja ya mjomba: soko ni dogo na linayumba hata huko kwa wenzetu. Januari 2024 Microsoft ilipunguza wafanyakazi 1,900 upande wake wa gemu. Mei mwaka huo Pixar nayo ikapunguza kama asilimia 14 ya watu wake. Juu ya hapo zimekuja programu za akili bandia zinazochora picha kwa sekunde chache. Kazi ndogo ndogo ambazo kijana mgeni alianzia, ndizo zinazoguswa kwanza.

Lakini kuna kitu kinaniuma kuliko hivyo vyote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na mtindo wake ukatembea dunia nzima. Katuni ya Tinga Tinga Tales ilipotoka 2010, kwa ajili ya BBC na Disney, ilitengenezwa Nairobi. Kazi ikaenda kwa Wakenya. Mwaka 2023 Disney ikatoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Waafrika. Jina ni la Kiswahili. Uganda imo, Kenya imo, Tanzania haimo! Hapo siwezi kumlaumu Disney. Wachoraji tunao, ila waliofundishwa mpaka wakaweza kubeba kazi kubwa ni wachache.

Kwa hiyo kama unajaza fomu mwaka huu, jiulize haya:

Kwanza, unataka katuni au gemu? Watu wanachanganya. Katuni ni hadithi, uchoraji na kujua mwili unavyotembea. Gemu inahitaji pia mtu wa kuandika programu na mtu wa kutunga kanuni za mchezo, na hapo hesabu haikwepeki. Kama unachukia hesabu lakini unapenda kucheza gemu, hiyo peke yake siyo sababu ya kuisomea.

Pili, chuo kinatambulika? Vyuo vikuu viko chini ya TCU, vyuo vya kati vya cheti na stashahada viko chini ya NACTVET. Fungua mwongozo wa mwaka huu wewe mwenyewe, usome sifa za kujiunga na tahasusi zinazokubaliwa. Usikubali kuambiwa na mtu wa steshenari.

Tatu, omba kuona kazi za waliomaliza. Hazina haja ya kuwa nzuri kama za Pixar. Wakikosa cha kukuonyesha, jua na wewe utatoka hivyo hivyo.

Nne, piga hesabu ya mashine na umeme. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, sekunde kumi ni picha 240. Kompyuta yako ikitumia dakika tano kukamilisha picha moja, hizo sekunde kumi ni dakika 1,200, yaani saa 20 mfululizo. Umeme ukikatika katikati, unajua mwenyewe. Laptop ya kuandikia barua haitaiweza kazi hiyo. Ng'ombe wawili hao wauzwe kwa akili.

Tano, mkopo wa HESLB unalipwa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na haijalishi kozi yako ilikuwa na jina tamu kiasi gani.

Mwisho nikampigia mjomba mwenyewe. Nikamwambia: "Mjomba, shikamoo. Akijaza animesheni namba moja na sayansi ya kompyuta namba mbili, ualimu tuuweke namba tatu. Ila ng'ombe wasiuzwe sasa. Miezi hii ya kusubiri chuo atajifunza Blender kwenye kompyuta yangu, atuletee katuni ya dakika moja. Akishindwa kuimaliza, tutajua mapema." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dakika moja tu?" Nikamjibu dakika moja ni picha 1,440. Akacheka.

Binti amejaza hivyo. Sijui kama nimemshauri vizuri. Ila najua mimi hakuna aliyenipa mtihani huo kabla sijalipa ada, na ungeniokoa.

Wadau mliosoma fani hii, mko wapi na mnafanya nini? Kama mliajiriwa semeni, kama mnasota semeni pia, msione aibu. Kuna vijana wanasoma hapa huku dakika zao za kafe zinaisha.

Nawasilisha.