Likasi: Posho haikumfanya mtu mvivu

Kila mara unga unapogawiwa kwa waliokimbia vita, maneno ni yale yale, toka Kikula mpaka Panda: «Hawa wamezoea kula bure. Kateni msaada, mtaona watakavyofanya kazi.» Yanasemwa sokoni, yanasemwa kanisani, na wakubwa wa mitaa nao wanayasema. Si kweli, na watu wa Likasi tulipaswa kuwa wa mwisho kuyatamka.

Mji huu umelelewa na posho. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, masomo ya watoto na unga juu ya mshahara. Je, baba zetu walikuwa wavivu? Katikati ya miaka ya 1980, watu hao waliokula posho walitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kazi ilianguka mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uporaji ulipopita mwaka 1991, na mitambo ilipokosa vipuri. Haikuangushwa na bukari.

Mtu atajibu: posho ile ilikuwa ya mtu aliye kazini. Ni kweli. Basi tuulize kazi ya huyu aliyehama iko wapi. Alikuwa nayo: shamba la mihogo na mahindi upande wa Mitwaba, Pweto au Manono. Aliliacha kwa sababu ya bunduki, si kwa kutamani mfuko wa unga. Mwaka 2013, katika Katanga, waliohama makwao walikuwa wamepita 300,000.

Na tukumbuke 1992 na 1993. Maelfu ya familia za Wakasai zililala kwenye kituo cha treni hapa Likasi, wakingoja kupelekwa Kasai. Wengi wao walikuwa na miaka mingi ya kazi Gécamines. Jana walipokea mshahara, leo wanapanga foleni kwa ajili ya chakula. Uvivu hauingii mtu kwa usiku mmoja. Kufukuzwa ndiko kunakoingia kwa usiku mmoja.

Lakini waliohama nao wana wajibu, na tuuseme wazi. Anayeandikisha familia moja kwa majina mawili anamwibia mjane wa jirani. Baba anayeuza unga akanywe lutuku anawaibia watoto wake mwenyewe. Mtoto mahali pake ni shuleni, si kwenye mashimo ya madini. Na chifu anayeingiza shemeji zake kwenye orodha asithubutu kumfundisha mtu uaminifu. Orodha isomwe kwa sauti, mbele ya watu wote, kabla ya kugawa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Wakubwa wanapenda nusu ya wajibu. Nusu ya haki wanaiachia ile «Article 15» tunayoijua wote: jitafutie mwenyewe.

Kwetu Likasi, nusu hiyo ya haki ni mambo matatu. La kwanza ni shamba lenye makubaliano ya maandishi, ili mwenye udongo asimfukuze mlimaji mahindi yakianza kukauka. La pili ni jembe na mbegu kabla ya mvua za Novemba: mbegu ikifika Februari si mbegu tena, inaingia kwenye sufuria. La tatu ni kibarua cha kulipwa: kusafisha mifereji, kutengeneza njia za kwenda mashambani. Kibarua cha franka mkononi, si salongo ya bure kwa mtu aliyelala njaa.

Kazi ianze, mavuno yaingie nyumbani, kisha msaada upunguzwe kidogo kidogo. Huo ndio utaratibu. Anayetaka kuugeuza, akate unga kwanza, amwonyeshe mama mwenye watoto watano mlango atakaobisha kesho asubuhi akapewa kazi. Kama hana mlango wa kuonyesha, aache kumwita mwenzake mvivu.